Kuhusu Mwanamke Aliyeanguka Machimboni

Beni, 11 Februari 2008

Kwa bwana mwenye filamu ya Chungu cha Mwisho,
Kyambogo, Kampala

Bwana,

Hunijui. Naitwa Augustin Paluku, fundi wa pikipiki hapa Beni, ng'ambo ya mpaka. Anwani yako nimeitoa nyuma ya kasha la diski. Barua hii nampa Mama Blandine, mfanyabiashara anayekuja Kampala kununua vitenge, naye ameniahidi ataitia mkononi mwako mwenyewe.

Filamu yako imeonyeshwa katika banda la video la sokoni kwetu. Vijana wa gereji walikuwa wanaisimulia tangu asubuhi hadi jioni: dunia imeungua, serikali zimekwisha, mvua haipo, na watu waliobaki wanagombania chemchemi kwa kupika. Nilicheka, nikaingia kuangalia. Kweli ilikuwa hivyo. Kila kambi inaleta mpishi wake machimboni. Mpishi anapika huku maadui wanamrukia kwa mapanga na vifuniko vya sufuria, walinzi wake wanapigana kuuzunguka moto, na mwisho waonjaji waliofungwa vitambaa machoni wanatamka nani ameshinda. Kambi iliyoshindwa inaacha maji yake. Watu walipiga kelele mpaka mabati yakatetemeka.

Kisha akatokea mpishi wa Watu wa Bonde, yule mnayemwita Malkia wa Majivu, amevaa vipande vya tairi mabegani, uso umejaa masizi. Usoni sikumtambua. Nilimtambua alipopakua. Alichota upawa wa kwanza, akaurudisha chunguni, ndipo akaanza kugawa. Bwana, hiyo si desturi ya watu wote. Ni desturi ya nyumba yetu. Bibi yetu alikuwa akisema upawa wa kwanza ni wa chungu chenyewe, kisije kikaona wivu.

Nilikuwa na dada mkubwa, Mbambu. Tuliishi Bunia sote, naye alikuwa na mgahawa mdogo upande wa pili wa mji. Vita vya mwaka 2003 vilipotufikia, sisi tulitoroka kwa miguu kupitia msituni, yeye akatupotea. Baadaye tukaambiwa alipanda mtumbwi kuvuka Ziwa Albert na mtumbwi ule ulizama. Tulikaa matanga bila maiti.

Siku iliyofuata nilimpeleka Mama bandani. Hakuelewa habari za chemchemi wala za kambi. Alipoona upawa umerudi chunguni alinishika paja akasema, "Ni yeye." Tangu hapo mpaka karibu na mwisho Mama alikuwa na binti. Halafu yule adui mwenye nywele nyekundu, Mama Risasi, akamchoma kisu, akamsukuma, dada yangu akaporomoka mpaka chini ya machimbo, na filamu ikaendelea bila yeye. Mama akainuka akatoka nje.

Najua filamu ni mchezo. Lakini mwenye banda anapenda maneno, naye ameeneza kwamba huko Kampala watu huumia kweli mkipiga picha, kwamba mwanamke yule hakuinuka, na ndiyo sababu mwishoni mmewataja watu wote, hata aliyebeba maji, ila yeye. Nimeitazama tena na tena. Kweli hakutajwa. Na kila asubuhi Mama ananiuliza, "Alianguka kweli?"

Nakuomba uniambie jina lake, na kama aliinuka.

Augustin Paluku


Kyambogo, 3 Machi 2008

Ndugu Augustin,

Barua yako imefika. Kiswahili yangu ni ya kambi ya polisi, baba yangu alikuwa konstebo kutoka Lira, kwa hiyo nikikosea usicheke.

Nashukuru sana kwa vile mlitazama filamu yetu huko mbali. Sisi tunaitengeneza kwa mbao na vyuma vya gari mbovu, hatukujua itavuka mpaka.

Lakini kuhusu ile mama unauliza, siwezi kukuambia jina. Si kwamba nina roho mbaya. Kuna ahadi nilitoa kwa mtu, na ahadi ni ahadi. Ndiyo maana jina yake haiko kwa filamu. Nisiseme mengi.

Naona wewe una uchungu na mama yako ana uchungu. Pole sana, ndugu yangu. Mpe mama pole yangu. Mungu awatie nguvu.

Okwir


Beni, 20 Machi 2008

Bwana Okwir,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaketi kwenye tangi la pikipiki ya mtu.

Umeandika pole mara mbili, ukaandika na Mungu awatie nguvu. Kwetu maneno hayo husemwa mlangoni mwa wafiwa. Na hukuandika kwamba aliinuka. Nilikuuliza mambo mawili. Moja umelikataa, la pili umelirukia kama mtu anayeruka shimo.

Unasema ulitoa ahadi kwa mtu. Sijui ni nani: mwenye machimbo, au wakubwa wa huko kwenu. Sikuandikii kwa vita. Sitamshtaki yeyote, sina nguvu hiyo wala sitaki kuwa nayo. Nimeshaona vita, vinanitosha.

Niambie tu amezikwa wapi. Mara ya kwanza tulimlilia dada yangu pasipo kaburi, tukawa hatujui tugeuke upande gani tunaposali. Safari hii nataka mahali pa kusimama. Hapa gereji nina vyuma vizuri. Nitamchomelea msalaba mwenyewe na kuuleta kwa basi. Mama bado sijamwambia. Namwambia bado hujajibu, naye ananiamini, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Mwonyeshe barua hii huyo uliyemwahidi. Labda naye ana mama.

Augustin


Kyambogo, 29 Machi 2008

Nyabo Mbambu,

Jana nilikuja kwako Kansanga, ukasema nikitaja hiyo jina ya Augustin tena utanimwagia maji ya fufu. Mimi naogopa maji moto, kwa hiyo naandika, na hii karatasi nampa Acen, yule msichana alikuchoma kisu kwa filamu, alete, kwa sababu yeye hauwezi kumfukuza.

Mwanzo uliniambia: Augustin alikufa, maiti haiandiki barua, huyo ni mmoja wa wale watu, ameokota jina ya ndugu yangu ili anivute nitoke. Nikakubali. Nikaandika vile ulitaka, nikaongeza pole kwa sababu nilimhurumia. Kumbe ile pole imefanya mambo mabaya.

Soma hii barua yake ya pili, nimeifunga ndani. Soma polepole. Mtu anayekutafuta kwa ubaya, akisikia umekufa, anafurahi na kwenda nyumbani kunywa. Hawezi kuuliza kaburi. Huyu anataka kubeba msalaba kwa basi kutoka Kongo mpaka hapa.

Nyabo, mimi nilikuua kwa filamu kwa sababu wewe mwenyewe uliniomba. Kukuua tena kwa barua siwezi. Ukinyamaza mimi nitamjibu, na ahadi yangu itavunjika, na utanikasirikia mpaka tuzeeke. Heri ujibu wewe.

Okwir


Kampala, 2 Aprili 2008

Kwa wewe unayejiita Augustin,

Mwanamke wa filamu ile aliinuka. Chini ya machimbo kulikuwa na magodoro yaliyofunikwa gunia na vumbi. Aliinuka, akajipangusa, akaenda kuwapakulia chakula cha mchana watu wote wa filamu, pamoja na yule aliyemsukuma. Mwambie hivyo huyo mama, kama yupo.

Sasa ni zamu yangu kuuliza. Augustin ninayemjua mimi alikuwa na mama yake katika nyumba iliyoungua Bunia. Mtu wa mtaa wetu, mtu mzima asiye na sababu ya kunidanganya, aliniambia alipita pale asubuhi yake na hakuna aliyetoka. Nimewalilia watu hao peke yangu, katika mji ambao hakuna aliyewajua. Sitaki mtu awachezee.

Kama wewe ni yeye, nijibu hili. Siku ya harusi ya shangazi yetu, mbuzi wa padri alifanya nini? Na mimi nilimjibu padri maneno gani?

Jibu upitishe kwa Okwir. Usimtume mtu kunitafuta.


Beni, 14 Aprili 2008

Yaya Mbambu, dada yangu mkubwa,

Hakuwa mbuzi. Alikuwa kondoo. Umekuwa ukisema mbuzi tangu utoto na watu wote wamechoka kukusahihisha.

Kondoo wa padri aliingia chumbani kwa bibi harusi akala nusu ya shela, na ile nusu nyingine akailalia. Shangazi akaingia kanisani amejifunika pazia la dirisha la jikoni, lenye maua ya njano, na mpaka leo kwenye picha anaonekana kama meza ya wageni. Padri akauliza ni nani aliyeacha mlango wazi. Ukamjibu, "Hakuna, Baba. Kondoo wako amekuja kuungama." Wewe ulisema, mimi nilicheka, na mimi ndiye niliyechapwa. Ndivyo yalivyokuwa maisha yetu yote.

Yaya, ni wewe. Nimeandika neno hilo nikatoka nje kutembea kidogo, sasa nimerudi.

Ile nyumba iliungua kweli. Mtu wa mtaa wetu hakukudanganya, alisema alichokiona. Lakini sisi hatukuwamo. Risasi zilipoanza, Mama alikataa kukimbia bila wewe, tukakata mji mzima kwenda kukutafuta mgahawani. Tukakuta meza zimepinduliwa, na sufuria ya maharage bado iko motoni. Tulipogeuka kurudi, mtaa wetu wote ulikuwa moshi. Tukaingia msituni hivyo hivyo tulivyo. Kwa hiyo usije ukajiambia kwamba ulituacha tuungue. Kama ungekuwa nyumbani siku ile, tungekuwa ndani sote tunasubiri ugali wako uive.

Mama alikuwa anapepeta mchele nilipomwambia. Nilichuchumaa mbele yake nikasema, "Aliinuka." Akaendelea kupepeta. Akauliza, "Magodoro yalikuwa mazito?" Nikasema mazito. Akauliza kama umekonda. Nikasema kwenye filamu hujakonda. Akaweka ungo chini taratibu, asimwage hata punje, ndipo akalia. Alilia kwa sauti ambayo majirani wanaijua, wakaja mbio na viti vyao kichwani wakidhani kuna msiba. Ikabidi nisimame mlangoni kuwaeleza kwamba huu ni msiba uliogeuka ukarudi ulikotoka. Hawakuondoka. Wakapika. Ulikaliwa matanga mara ya kwanza, yaya, na safari hii wamekula karamu yako, na wewe zote mbili hukuwepo.

Njoo nyumbani. Au niambie nije wapi.

Mdogo wako, niliyechapwa kwa ajili yako,
Augustin


Kansanga, 27 Aprili 2008

Augustin,

Alikuwa mbuzi.

Nilisoma mstari wako wa kwanza nikakaa chini kwenye mfuko wa makaa. Maelezo ya shela yangeweza kuokotwa popote. Shangazi alimsimulia kila mtu. Lakini duniani hakuna mtu mwingine ambaye angefufuka na neno lake la kwanza likawa kunibishia. Wateja walinikuta nacheka na kulia na makaa yamenipaka mpaka shingoni. Mmoja akauliza kama tunapiga filamu nyingine.

Mwambie Mama sijakonda. Ninauza chakula hapa kando ya barabara ya Ggaba: fufu ya muhogo, sombe ya majani yake, makayabu ya samaki wa chumvi, na ndizi za kupondwa kwa ajili ya watu wa hapa. Kongo nzima inakula kwangu siku za Jumapili baada ya ibada. Okwir alikuwa mteja. Siku moja akaniomba niwapikie watu wake machimboni. Nikaenda na sufuria zangu. Aliyekuwa aigize Malkia hakutokea. Alikuwa amepata kazi ya benki na hakumwambia mtu. Watu wote wamekaa juani na matairi yao mabegani, bunduki za mbao mapajani, hawajui la kufanya. Okwir akanitazama nilivyokuwa nakaanga samaki huku nafukuza mbwa kwa mguu. Akasema, "Nyabo," yaani mama kwa lugha ya hapa, "endelea hivyo hivyo, usibadilishe kitu." Ndivyo nilivyokuwa malkia.

Hapa chini usimsomee Mama. Geuza ukurasa.

Siku ile Bunia sikupanda mtumbwi. Watu wenye bunduki waliingia mgahawani, wakala, wakasema chakula ni kizuri, wakanichukua. Niliwapikia msituni mpaka mvua zilipoanza. Hawakuniua kwa sababu ya mkono wangu wa kupika, na kila siku nilijua kwamba siku chumvi ikizidi ndiyo basi. Augustin, nilipika kwa hofu ambayo sijui nikuelezeeje. Wanawake wengine waliokuwa pale sitaki kuwaandika. Nilitoroka walipokuwa wamelewa, ndipo nikafika ziwani. Mtumbwi uliozama ni ule uliotangulia wangu.

Niliwaona nyuso zao na wao wanajua niliwaona. Hapa Kampala nilipofika nilisikia kuna watu wanaulizia mwanamke mpishi wa Bunia. Labda ni uvumi. Mwaka mmoja mtu alisimama mbele ya jiko langu akanitazama mno, hakununua kitu, nikahama mtaa. Tangu hapo hakuna anayejua jina langu isipokuwa Okwir, na Acen, yule msichana wa chuo cha Kyambogo aliyeigiza Mama Risasi. Wengine wananiita Mama Sombe.

Kwa hiyo nilipokubali kuwa malkia niliweka masharti. Jina langu lisiandikwe. Uso wangu upakwe masizi. Na la tatu nilimwomba Okwir aniue. Kwenye hadithi yake Malkia alikuwa ashinde, arudishe maji kwa watu wote, mvua inyeshe. Okwir alikataa, akasema filamu itaharibika. Nikamwambia, aliyekufa hatafutwi. Akanitazama, akaelewa, akaibadilisha hadithi kesho yake. Nilipoanguka kwenye yale magodoro nilihisi kama mtu aliyefunga mlango nyuma yake, nikalala pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Sikufikiri hata mara moja kwamba yuko mtu wa kunililia. Nilidhani nimekwisha kuwa wa mwisho.

Sasa unaweza kumsomea tena.

Mama, kuja huko siwezi kwa sasa. Usiniulize kwa nini. Lakini ninapika vizuri, ninasali, meno yangu yote yapo. Nimekukosa.

Mbambu


Beni, 6 Mei 2008

Mbambu mwanangu,

Haya ni maneno yangu, mkono ni wa Augustin. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinirekebishe.

Alinisomea barua yako uani. Akafika mahali akanyamaza, akageuza ukurasa, akaanza tena na sauti nyingine. Mimi kusoma sijui, lakini kumtazama mtu anaposoma najua. Alisoma kimyakimya kitu kirefu, na mdomo wake ukakauka. Nilimwona akipitisha kiganja usoni kama anafuta mafuta ya pikipiki, na hakuwa na mafuta.

Sitamuuliza, na wewe sitakuuliza. Kile ulichokiweka pale kiache pale. Siku ukitaka kukitoa, nitakuwa nimekaa karibu. Usipotaka, nitakuwa nimekaa karibu vilevile.

Mimi nilifikiri ulikuwa chini ya maji. Miaka yote nilikuwa siwezi kumwosha samaki bila kugeuza uso. Augustin hakujua, alidhani nimechoka samaki. Jana nimemwosha mmoja mkubwa, nikampaka chumvi, nikala mpaka kichwa.

Unasema huwezi kuja. Vizuri. Sikukuzaa kwa miguu yako, nilikuzaa kwa yangu. Nitakuja mimi. Mama Blandine anasema kutoka Kasindi unavuka daraja na uko Uganda, na askari wa hapo wanapenda wazee wakisalimiwa kwa adabu nao wanasalimu. Nina magoti mabaya lakini hayajakataa. Njoo utusubiri upande wako wa daraja. Kama kuna watu unaowaogopa, kuja na huyo kijana aliyekuua, nataka kumwona.

Mama yako

(Mimi Augustin nimeandika kila neno. Amesema pia kwamba alikuwa kondoo.)


Kansanga, 21 Juni 2008

Augustin,

Natumaini ulirudi salama. Pale Mpondwe, upande wangu wa daraja, hatukusema mengi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Kampala, Okwir akisinzia begani kwangu ndani ya basi, na nilipokuona unamvusha Mama darajani umemshika kiwiko, maneno yote yaliniacha. Una mvi, mdogo wangu. Wewe ambaye nilikuwa nakubeba mgongoni mwangu. Mama alinikamata uso kwa mikono miwili akanigeuza huku na huku kama mtu anayenunua papai, ndipo akaniachilia nilie. Na wewe ulisimama pembeni umeshika begi lake kifuani. Nilitaka kukuambia asante kwa kumbeba mgongoni msituni. Mama ameniambia. Wewe hukuniandikia.

Sasa sikiliza habari za hapa kwangu tangu nifike na Mama.

Mama alipomwona Okwir pale mpakani alikuwa na haraka na mimi, hakumjali. Jumapili Okwir akaja nyumbani kumsalimu rasmi, amevaa shati la kitenge, na Acen nyuma yake. Mama akamtazama. "Wewe ndiye uliyemuua mtoto wangu?" Okwir, ambaye huwaamrisha watu hamsini na tairi zao, akainama akasema, "Ni mimi, Mama. Lakini aliniomba." Mama akasema, "Mtoto akiomba wembe, unampa?" Halafu akamwambia akae, akampakulia mwenyewe, na upawa wa kwanza akaurudisha sufuriani. Okwir hakuigusa sahani mpaka Mama alipomwambia kula.

Acen alipata shida zaidi. Mama alikataa kumpa mkono. Nilimweleza kwamba ni mchezo, kwamba msichana huyu ndiye aliyeniletea barua yako, kwamba kisu kilikuwa cha mbao. Mama akasema, "Najua ni mchezo. Mkono wangu ndio haujui." Acen hakukasirika. Alikaa akamenya ndizi rundo zima, na nywele zake sasa ni nyeusi. Alipofika katikati ya rundo Mama akamwonyesha jinsi ya kushika kisu asijikate, na katika kumwonyesha akamshika mkono, akasahau kuuachia. Hakuna aliyemkumbusha.

Okwir ametengeneza mwisho mwingine kichwani mwake. Anasema Malkia hakufa, alijificha chini ya machimbo akiwapikia watu waliotupwa, na sasa anapanda juu. Anataka tuipige baada ya mvua. Nilimwambia nitafikiri. Kwa kweli nimeshafikiri. Nilimwambia pia kuhusu zile nyuso za msituni, yeye na baba yake, konstebo mstaafu. Mzee hakushangaa. Alinipeleka mwenyewe kwa afisa anayeshughulikia wakimbizi, akakaa karibu nami mpaka nikamaliza kueleza. Wameniandika vizuri. Wanasema kati ya wale niliowataja wengi walishakufa au wamefungwa huko kwenu. Sijui kama naamini kila kitu. Lakini nilipotoka pale nilinunua miwa, nikala nikitembea, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nifike mji huu. Kutembea bila kugeuka nyuma.

Mama anasema ndizi za hapa hazina kosa, ila hazina la kusema. Amechukua jiko langu la kushoto. Anagombana na wateja. Mchungaji wetu aliomba chumvi akaambiwa aonje kwanza. Amelala mchana huu, miguu nimemwekea juu ya mto kwa ajili ya magoti, na nilikuwa nimeanza kukuandikia asubuhi kabla hajanikatiza, kwa hiyo nimalizie kwa jambo lililonikatiza.

Alikuwa amekwenda dukani upande wa pili wa barabara kununua sabuni. Mimi nilikuwa nimeinamia makaa. Magari yamejaa, boda boda zinapiga honi, redio ya jirani iko juu, na katikati ya kelele zote hizo nikamsikia. Alikuwa amesimama ng'ambo, anaogopa kuvuka, ananiita nije nimshike mkono. Hakuniita Mama Sombe. Aliniita kama alivyokuwa akiniita Bunia kutoka uani, kwa sauti yake yote, silabi moja moja: "Mbambu! Ee Mbambu!"

Nikatazama ni nani amesikia. Muuza viatu alikuwa anasugua kiatu. Wanawake wa saluni walikuwa wanacheka mambo yao. Polisi wa barabarani akapiga filimbi kwa gari jingine. Barabara nzima ya Ggaba, hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Nikaweka mwiko chini, nikaitika kwa sauti, nikavuka kumfuata.

Mbambu